Kalemie: Yale mifupa ya bankambo inaweza kusema, na yale haiwezi

Jioni moja, katika kambi ya wakimbizi wa vita pembeni ya mji wa Kalemie, vijana walikuwa wamepanga foleni kwenye bomba. Bidoni zilikuwa nyingi, maji yalikuwa machache, na maneno yakaanza. Kijana mmoja alimwambia mwenzake asogee nyuma, kwa sababu watu wa namna yake hawana nchi. Mwenzake akajibu kwamba watu wake ndio waliokuwa porini kabla ya mtu mwingine yeyote kufika. Wakubwa wakaingia kati wakawatenganisha. Hakuna aliyepigwa. Lakini kila mtu mzima aliyekuwa pale aliyatambua maneno yale, maana ndiyo yaliyosikika kule Nyunzu, Manono na Kabalo kabla ya vijiji kuchomwa.

Aliyesema "sogea nyuma" ana miaka 16 na yuko mwaka wa tano wa sekondari. Alirudi kwenye hema la familia na bidoni nusu, akiwa bado na hasira. Bibi yake, ambaye yeye humwita Kambo kama watoto wengi wa huku, alikuwa anasonga bukari.

"Kambo, jana banasema ku radio ati mufupa ya mutu wa zamani inaweza kusema alitoka wapi," kijana alisema. "Basi bachimbe, tujue nani mwenye inchi."

"Kwanza kula," Kambo alijibu. Hakuongeza neno.

Swali la kijana huyo linaulizwa na wengi. Tangu mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipoanza mwaka 2013, na yalipozidi sana mwaka 2016 na 2017, mamia ya maelfu ya watu wa jimbo la Tanganyika walikimbia makwao. Katika kila baraza ya amani, nyuma ya mashamba, kodi za machifu na ndoa, kuna swali moja linalorudi: nani alifika kwanza? Sasa watu wamesikia kwamba kuna wataalamu wanaosoma mifupa ya kale, na wengi wanatumaini kwamba mfupa utakuwa shahidi wa upande wao. Kwa hiyo inafaa kujua mfupa unasema nini hasa.

Kijana yule alikwenda kumuuliza mwalimu wake wa historia. Mwalimu hakuanza na ADN. Alianza na Sanga.

Sanga iko jimbo la jirani, Haut-Lomami, kando ya ziwa Kisale. Ziwa hilo limo katika bonde la Upemba ambamo unapita mto Lualaba, mto uleule unaopokea chini zaidi maji ya Lukuga yanayotoka hapa Kalemie. Mwaka 1957 Mbelgiji Jacques Nenquin alichimba pale, na mwaka uliofuata kazi ikaendelea pamoja na Jean Hiernaux. Walikuta makaburi mengi sana. Kuanzia mwaka 1974 Pierre de Maret alirudi Sanga, kisha akachimba sehemu nyingine za bonde hilo, kama Kamilamba, Katongo na Malemba Nkulu. Kwa kupima makaa na vitu vingine vilivyobaki ardhini, wataalamu waliweza kupanga makaburi kwa nyakati. Ikaonekana kwamba watu wameishi kando ya maziwa yale bila kukatika kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Mifupa ile na vitu vilivyowekwa pembeni yake vinaeleza maisha. Watu wa Kisale walikuwa wavuvi, wakulima na wafua chuma. Walifuga kuku na mbuzi. Ndani ya makaburi ya karne ya 11 hadi ya 13 kuna mapambo ya shaba, na shaba haichimbwi Kisale. Ilitoka kusini, kwenye ukanda wa migodi ambao leo ni Haut-Katanga na Lualaba. Kuna pia simbi, zile kauri ndogo nyeupe za Bahari ya Hindi. Maana yake, miaka mia nane iliyopita na zaidi, kitu kilichookotwa ufukweni kiliweza kupita mkono kwa mkono hadi katikati ya Kongo. Baadaye, kuanzia karne ya 14, makaburi yanaonyesha misalaba midogo ya shaba. Kadiri miaka ilivyopita misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kufanana ukubwa, hata wataalamu wakaona kwamba ilikuwa imegeuka pesa.

Mwalimu aliongeza jambo moja ambalo kijana alilileta nyumbani usiku ule. Watu wa Kisale walizika wafu wao na vyungu, na ukubwa wa vyungu ulifuata umri wa marehemu. Mtu mzima aliwekewa vyungu vikubwa. Mtoto aliwekewa vyungu vidogo.

Hapo Kambo aliacha kuosha masufuria.

"Bile byungu bya batoto," aliuliza, "bilikuwa bidogo namna gani?"

Kijana alionyesha kwa mikono: kama kikombe hivi.

Kambo alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo. Mwaka 2017, walipokimbia kutoka upande wa Nyunzu, walikuwa na mtoto wa miaka miwili, dada mdogo wa kijana huyu. Homa ilimshika njiani. Walimzika karibu na reli, haraka, maana watu wengine walikuwa wanapita na kusema kwamba nyuma kuna moto. Hawakuwa na msalaba wala ubao wa kuandika jina.

"Na mimi niliacha kikombe yake," Kambo alisema. "Ile ya manjano. Niliweka ku kichwa."

Mtu akipita pale baada ya miaka mia nane atakuta mifupa midogo na kikombe cha plastiki cha manjano, na kutokana na vitu hivyo viwili atajua kwamba mtoto huyu alikuwa na watu wake, na kwamba walimpenda. Elimu ya makaburi huanzia hapo, na haikuhitaji mashine kujua hivyo kule Sanga.

ADN ilikuja baadaye. Mwalimu wa biolojia ndiye aliyeieleza siku iliyofuata, na maelezo yake yanaweza kurudiwa kwa ufupi. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi mrefu mwembamba sana ulioandikwa jinsi mwili unavyojengwa. Nusu ya maandishi hayo mtu huyapata kwa baba, nusu kwa mama. Mtu anapokufa, uzi huo unaanza kukatika vipande vipande. Joto na unyevunyevu huuharibu haraka, na ndiyo maana mifupa ya nchi zetu ni migumu kuisoma kuliko ile ya nchi za baridi. Kwa muda mrefu wengi walidhani haitawezekana. Baadaye ikagundulika kwamba kuna mfupa mmoja unaotunza ADN vizuri kuliko mingine: ule mgumu kama jiwe unaofunika sikio la ndani, kando ya fuvu. Wataalamu hutoboa hapo, huchukua unga kidogo, tena ndani ya chumba safi, wakiwa wamevaa glavu na kufunika uso, maana hata mate ya mtaalamu mwenyewe yanaweza kuchanganyika na ya marehemu na kuharibu kazi.

Mwaka 2015 ndipo ADN kamili ya Mwafrika wa kale ilisomwa kwa mara ya kwanza: mtu aliyezikwa katika pango la Mota, Ethiopia, yapata miaka 4,500 iliyopita. Mwaka 2022 Svante Pääbo, aliyefungua njia ya elimu hii kwa kusoma mifupa ya watu wa kale wa Ulaya na Asia, alipewa Tuzo ya Nobel. Toka hapo mifupa ya Afrika imeendelea kusomwa, ingawa bado ni michache.

Mwaka huohuo wa 2022 watafiti walitoa habari za watu wa kale waliozikwa Malawi, Zambia na Tanzania, baadhi yao miaka elfu 18 iliyopita. Hao waliishi kwa kuwinda na kuokota vyakula porini, muda mrefu sana kabla ya jembe na ng'ombe. ADN yao ilionyesha mchanganyiko wa matawi matatu: moja la mashariki, moja la kusini, na moja lenye undugu na watu wa msitu wa Kongo. Yaani tangu zamani hizo, wakati hakuna aliyekuwa na jina la Mluba, la Mtwa wala la Mtabwa, watu wa pande hizi za maziwa walikuwa tayari wamekwisha kuchanganyika na kuzaana. Baadaye wakatulia zaidi, kila kundi likioa karibu na kwake.

Kisha wakaja wasemaji wa lugha za Kibantu. Asili ya lugha hizi iko mpakani mwa Kameruni na Nijeria, na watu waliozisema walianza kuenea miaka elfu nne au tano iliyopita. Mwaka 2023 kundi la watafiti, likiongozwa na Cesar Fortes-Lima na Carina Schlebusch wa chuo kikuu cha Uppsala, Sweden, lilitoa kazi kubwa juu ya safari hiyo. Walipima watu 1,763 wa nchi 14 za Afrika na mifupa ya watu 12 wa kale. Waliona kwamba si lugha peke yake iliyosafiri, watu pia walitembea, kizazi baada ya kizazi. Waliona pia kwamba Kongo na Zambia zilikuwa kama njia panda ya safari hizo. Na kila walipopita, wasafiri hao walichanganya damu na wale waliowakuta.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya swali la kijana ina jibu. Ndiyo, kuna watu waliokuwako kabla ya wakulima wa Kibantu, na Watwa, ambao huku wengine huwaita Bambote, wanabeba sehemu ya urithi wa wawindaji wa zamani. Mwaka 2024 watafiti walionyesha hivyo kwa Watwa wa Zambia, wale wa Bangweulu na wa bonde la Kafue: ndani ya ADN yao kuna sehemu iliyotoka kwa wawindaji waliotangulia. Lakini utafiti huohuo unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ADN ya Watwa hao inafanana na ya majirani zao Wabantu. Na majirani nao hawakubaki kama walivyoondoka Kameruni.

Sehemu ya pili ndiyo iliyomshangaza kijana. Kuna kipande kidogo cha ADN ambacho hakitoki kwa baba hata kidogo. Mama humpa kila mtoto, wa kiume na wa kike, lakini ni binti tu anayeweza kukipitisha mbele. Kwa hiyo kipande hicho kinafuata mstari mmoja: mama, mama wa mama, bibi wa mama, hadi zamani sana. Kipande kingine hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake. Ukivilinganisha viwili hivyo, unaweza kujua hata ndoa za zamani zilikwenda upande gani.

Mwaka 2008 watafiti walioongozwa na Lluis Quintana-Murci wa Institut Pasteur ya Paris walifuata mstari wa mama kwa watu wa Gabon, Kameruni na nchi jirani, wa msituni na wakulima. Waliona kwamba wakulima wengi wa Kibantu wanabeba mstari wa mama uliotoka kwa wanawake wa msitu. Kwa upande wa pili ilikuwa haba. Maana yake ni kwamba wanawake wa msituni waliingia katika vijiji vya wakulima na kuzaa watoto ambao wakawa wakulima, wakaitwa kwa jina la baba.

Mtu wa Tanganyika hahitaji kwenda Paris kuyaelewa hayo. Hili ni mojawapo ya malalamiko ambayo Watwa wamekuwa wakiyaleta mbele ya baraza: kwamba Mluba anaweza kumchukua binti wa Kitwa, lakini Mtwa akitaka kumuoa binti wa Kiluba, mlango unafungwa. ADN ya watu wa magharibi inaonyesha kwamba ndoa za namna hiyo, za upande mmoja, zina umri mkubwa.

Mambo kama hayo yalionekana pia pwani, ambako lugha hii ya Kiswahili ilitoka kabla ya kupanda na misafara hadi Ujiji, kuvuka ziwa na kushukia Mtowa, kaskazini ya Kalemie. Mwaka 2023 ADN ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, hasa katika miji ya zamani ya pwani, kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, ilitolewa hadharani. Wengi wao mstari wa mama ulikuwa wa Kiafrika, na mstari wa baba, kwa wengi, ulitoka Uajemi, kwa watu walioanza kuchanganyika na wenyeji yapata mwaka 1000. Kwa miaka mingi watu walibishana: Waswahili ni Waafrika au ni wageni? Mifupa ilijibu kwamba swali lenyewe liliulizwa vibaya. Walikuwa watoto wa mama wa hapa na baba wa kule, na mji walijenga wote.

Hesabu ndogo inasaidia. Kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na juu yao wanane. Ukipanda vizazi kumi, ambavyo ni kama miaka 250 au 300, nafasi za wazee wako ni 1,024. Hakuna mtu katika jimbo hili anayeweza kuapa kwamba wote 1,024 walikuwa wa kabila moja.

Yapo pia mambo ambayo mfupa hausemi. ADN haina lugha. Fuvu haliwezi kusema kama mwenyewe alisali kwa Kiluba au kwa Kitabwa, wala kama alijiita Mtwa. Jina la kabila mtu hulipata kwa kulelewa, kwa kusemeshwa, kwa kupewa shamba na kuhesabiwa katika ukoo, na hayo yote hayaandikwi ndani ya uzi ule. Ukichukua watu wawili wowote duniani, maandishi yao yanafanana kwa sehemu 999 kati ya 1,000. Na ADN haitoi hati ya shamba. Hata ikijulikana kwamba mtu fulani aliwinda mahali fulani miaka elfu tano iliyopita, hiyo haimfukuzi mama aliyepanda mihogo pale mwaka jana. Vilevile mihogo ya mwaka jana haimfanyi mjukuu wa mwindaji kuwa mtu asiye na haki. Hayo ni ya sheria, ya machifu na ya baraza. Watu walio hai ndio wanaopaswa kukaa na kuyaamua.

Jimbo hili linajua vizuri hatari ya kulazimisha fuvu liseme. Tarehe 4 Desemba 1884, katika milima ya upande wa Moba, watu wa Émile Storms, afisa wa Kibelgiji aliyekuwa amejenga kituo cha Mpala mwaka uliotangulia, walimshambulia chifu Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Lusinga hakuwa mtu mpole. Naye alikuwa amepata nguvu kwa bunduki na kwa kuuza watu. Lakini fuvu lake, pamoja na ya machifu wengine wawili, lilisafirishwa hadi Ubelgiji. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé aliyapima mafuvu hayo mbele ya chama cha wasomi cha Brussels, na kwa vipimo hivyo akaandika hukumu juu ya watu wote wa magharibi ya ziwa Tanganyika. Hiyo iliitwa sayansi siku zile. Leo hakuna mtaalamu wa kweli anayeamini kwamba umbo la fuvu linaonyesha akili au tabia ya watu.

Tangu mwaka 1964 mafuvu hayo yamekuwa katika taasisi ya sayansi ya asili ya Brussels. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux aliandika juu yake, na watu wengi wakajua kwa mara ya kwanza. Sanamu ya Storms iliyokuwa katika bustani moja ya mji huo iliondolewa mwaka 2022. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, Ubelgiji ilirudisha jino la Patrice Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake baada ya kuuawa mwezi wa Januari 1961. Jino lile halikupimwa ADN, kwa sababu kipimo kingeliharibu. Familia ililipokea hivyohivyo, na taifa likalizika.

Hapo kuna somo kwa wote wanaosema "wachimbe tujue." Kila unga unaochukuliwa kwenye mfupa umetoka kwa mtu, na mtu huyo ana watoto wa watoto. Siku hizi watafiti wazuri huomba ruhusa kwa wazee wa mahali, huchukua kidogo, na hurudi kueleza walichokiona. Mfupa uliochukuliwa kwa nguvu hauleti amani kwa walioachwa, hata kama unatoa habari nyingi.

Kijana alimaliza juma zima akileta habari hizi nyumbani, kidogo kidogo. Usiku wa Ijumaa, mama yake alikuwa bado hajarudi kutoka kuuza makala mjini. Alikuwa anamweleza Kambo ule mstari wa mama, akichora kwa kijiti chini, duara juu ya duara: yeye, juu yake mama, juu yake Kambo. Akafika hapo akauliza mama wa Kambo alikuwa mtu wa wapi, ili aweke duara la nne.

Kambo aliangalia nje kwanza. Halafu akasema kwa sauti ndogo.

"Mama yangu alikuwa Mutwa."

Kijana alinyamaza, kijiti kiko mkononi.

Kambo alieleza kwamba baba yake alikuwa Mluba, naye alikulia kijijini kwa baba, akaitwa mtoto wa baba, na maneno yakaishia hapo. Mama yake alimfundisha asali ya porini iko miti gani na uyoga gani hauliwi. Vita ilipokuja, upande mmoja ulikuwa unaua ndugu za baba, na upande mwingine ulikuwa unaua ndugu za mama. Kambo alifunga mdomo. Hata binti yake mwenyewe hakumweleza vizuri. Njiani, walipokuwa wanamzika yule mdogo, alitaka kusema jina la mama yake juu ya kaburi, kama inavyotakiwa, akaogopa waliokuwa wanapita.

"Sasa ile kitu yenye unasema," aliuliza, "yenye mama anapatia mutoto. Ile ya mama yangu, iko wapi leo?"

Kijana alijua jibu, maana ndilo alilofundishwa. Kilitoka kwa yule mwanamke wa Kitwa kikaja kwa Kambo. Kwa Kambo kikaenda kwa mama yake. Kwa mama yake kikaja kwake yeye, bila kupungua. Hata yule mtoto aliye karibu na reli alikuwa nacho.

"Iko mu mimi," alisema.

Hakusema zaidi, na Kambo hakumsukuma. Baadaye alimuuliza kama angetaka wataalamu siku moja waende pale relini, wachukue mfupa mdogo na mate yake yeye Kambo, walinganishe, wahakikishe kwamba ni mtoto wao. Kitu kama hicho kinawezekana. Duniani wako wazazi waliopata wafu wao wa vita kwa njia hiyo. Kambo alikataa. Alisema yeye hana mashaka ni nani yuko pale. Anachotaka ni barabara itulie, afike, asafishe majani, aseme lile jina aliloshindwa kulisema.

Jumamosi asubuhi foleni ya bomba ilikuwa ndefu kama kawaida. Kijana alifika mapema na bidoni mbili. Yule mwenzake wa ugomvi alifika nyuma, akasimama mbali kidogo. Hawakuombana msamaha wala hawakusalimiana kwa furaha. Lakini zamu ya kijana ilipofika, na mtu mmoja kutoka katikati ya foleni akaanza tena na maneno ya nani atangulie na nani hana kwao, kijana alimgeukia akamwambia anyamaze, watu wachote maji.

Alipomaliza kujaza, alimshikia mwenzake mfereji mpaka bidoni yake ikakaa sawa, kisha akajitwika ya kwake akaenda.